Kura ya Shaibu

Tangu sheria iwape kura wanyama wa nyumbani, Tunu alikuwa ameshindwa katika vikao vitatu vya fleti aliyoishi na Mize na Zamda, huku akipiga chafya. Kabla ya kikao cha nne alimhonga Mize sambusa.

"Paka ahame," Tunu alisema. Yeye na Mize wakanyoosha mikono.

Zamda alikataa. Shaibu, paka mwenyewe, akakanyaga kitufe chekundu. Mbili kwa mbili.

"Zikilingana, anaamua mkaazi wa siku nyingi," Zamda alisema. "Shaibu tulimkuta humu, shoga."

"Na kifua changu je? Manyoya yake yananimaliza!"

"Usimkatize mheshimiwa."

Shaibu alijinyoosha, akabonyeza kitufe cha hoja mpya. Skrini ikaandika: Tunu ahame.

Tunu alimgeukia Mize. Mize alikuwa akimkuna paka shingoni, macho chini.