Mzungu Anayerudisha Samaki Majini

Katika studio yake ya picha, Prudence aliitumbukiza kamera ya njano ndani ya ndoo ya maji, akaikandamiza mpaka chini. Mzungu aliinama kutazama. Hakuna povu lililopanda.

"Maji haiingie mule," Prudence alisema.

"Na ile ndogo?"

"Ile ya plastiki ni ya kutupa. Filme ikiisha, nayo inaisha. Maji ikiwa mweupe, ni bien, inafaa. Kwa maji ya ziwa yetu utapiga matope tu."

Mzungu alisema yeye ni rubani wa ndege za mizigo. Kiswahili alikiokota Nairobi. Siku yake ya mapumziko alitaka kushuka ziwani, avue kwa ndoano, na kila samaki atakayenasa ampige picha akiwa bado majini.

"Kisha unamukula?"

"Hapana. Namrudisha majini. Picha inatosha."

Prudence alimkazia macho. Tangu azaliwe Bunia hajapata kuona mtu mwenye akili timamu akimshika samaki halafu akamwachia aende zake. Tena mwaka huu wa vita, ambapo nusu ya mji haimezi samaki wa ziwani kwa sababu kila mtu anajua kilichotupwa humo. Sokoni wanawake huapa kwa Bikira Maria kwamba samaki wao wametoka mbali, Mahagi. Leo aje mtu na ndege yake kuwapiga picha?

Watu walikuwa wakinong'ona kwamba wazungu wa kuchunguza mauaji wangekuja, na kwamba wangekuja kwa kujificha. Wengine watajifanya wafanyabiashara, wengine mapadri. Kumbe huyu amejifanya mvuvi, na masikini, hata kudanganya hajui.

Prudence alikuwa na mdogo wake, Fabien. Mapigano yalipochacha mwezi wa tano, Fabien alikimbia na wenzake kwa barabara ya Bogoro kuelekea ziwani, na hapo ndipo habari zake zilipokatika. Wenye bunduki walisema wote wamevuka kwenda Uganda, wako wazima. Kusema vingine kulikuwa kujitafutia kaburi, kwa hiyo nyumbani kwao matanga hayakuwekwa. Mama yao bado alimpakulia Fabien kila jioni na kukifunika chakula, na asubuhi ni Prudence aliyekwenda kukimwaga. Ilimuuma kuliko kilio chenyewe. Mama hangekubali maneno matupu. Alitaka kuona kwa macho yake.

Na mahali Prudence alipajua. Mvuvi aitwaye Katsuva alimwambia: nyuma ya matete, pale kijito kinapoingia ziwani. Alikuwa amejificha, akawaona vijana wale wakishushwa majini kutoka kwenye mitumbwi, mawe yamefungwa miguuni. Mtu wa Bunia hangeweza kufika pale na kamera akarudi. Mzungu wangemwacha apite.

"Beba hii ya njano," alisema. "Lakini nakuwekea filme ya noir et blanc, ya mweusi na mweupe."

Mzungu alisita. "Samaki wana rangi nzuri, mama."

"Ya rangi wanaisafishia Kampala, inapita mu mikono ya watu mingi. Hii nasafisha miye mwenyewe, hapa nyuma. Hakuna mutu mwingine ataona."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Mzungu akatabasamu. "Hiyo ni nzuri zaidi."

Prudence alimfundisha kama mtu anayemfundisha ndugu yake. Asipige kutoka mbali, kwa maana flash itaangaza matope peke yake. Asogee mpaka karibu aguse. Kisha akachovya kidole ndani ya ndoo na kuchora juu ya meza: barabara, matete, kijito.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Samaki iko mingi sana hapa. Tangu mwezi wa tano."

"Wakubwa?"

"Wakubwa."

Mzungu aligeuka kutazama mlangoni, halafu akaifuta ile michoro kwa kiganja.

"Usimwonyeshe mtu mwingine," alisema. "Mahali kama hapa, watu wakipajua, pameharibika."

Machozi yalimlenga Prudence. Mzungu alipotoa pochi, aliusukuma mkono wake. "Acha. Unirudishie tu filme."

Wiki iliyofuata Mzungu alirudi, pua imebabuka kwa jua. Prudence alifunga mlango wa studio, akampeleka chumba cha nyuma, wakasimama pamoja chini ya taa nyekundu. Karatasi ya kwanza ilipoingia kwenye beseni la dawa, akatokea samaki mwenye ndoano mdomoni. Ya pili, samaki. Ya tatu, samaki. Prudence aliusifu moyoni ujanja huo: askari wangemsimamisha njiani, wangeona mvuvi tu.

Ya mwisho ilichelewa kutokea. Mbele alikuwa samaki mkubwa, mdomo wazi. Nyuma yake, chini kwenye mchanga, kulikuwa na mifupa ya miguu ya watu, imelala sambamba, na kamba zilizoishikilia kwenye mawe zilionekana vizuri, mpaka mafundo yake.

Prudence alishika ukingo wa beseni. Alilia bila kujificha, na katikati ya kulia kwake alihisi kitu kama shukrani. Jioni hiyo mama angeona. Jioni hiyo wangeweka matanga.

Mzungu alimwinamia begani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaigonga kwa ukucha.

"Hii nikuzie iwe kubwa, mama, nitaitundika ukutani," alisema. "Lakini hiyo mifupa uikate itoke pichani. Marubani wenzangu wakiiona, watajua nimevua wapi."