Mkono Juu kwa Ukurasa wa Arobaini na Moja

"Wanaoafiki ukurasa wa arobaini na moja?" Meya aliuliza.

Niliinua mkono pamoja na madiwani wenzangu, kama nilivyouinua tangu asubuhi, ndipo nikausoma ukurasa wenyewe. Daraja la mfereji lilikuwa limeondolewa kwenye bajeti. Fedha zake zilihamishiwa viti vipya vya ukumbi huu.

"Mbona hili hatukuambiwa?" nilimnong'oneza diwani wa pembeni yangu.

"Bajeti ya jiji haisomwi, mwenzangu, hupitishwa. Tulia, karani anahesabu."

Ningeweza kuushusha mkono. Kwenye mkono wa blauzi yangu kiling'aa kifungo alichonishonea dada yangu alfajiri, uzi akaukata kwa meno. "Usiende kuniaibisha mbele za watu," alisema. Mvua za mwaka jana, mfereji ule ulimchukua mwanawe akitoka shule. Daraja nilimwahidi mimi, pale pale kaburini.

Kalamu ya karani ilikuwa imefika safu yetu.

Nikatazama juu, kwenye viti vya wageni. Dada yangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameuona mkono wangu, akaamini ni wa daraja, na huku akijifuta machozi, akanipungia.