Makaa ya Pasi

Étienne, mume wangu, alinyoosha mkono kwenye moto wangu bila kuniuliza.

Maharage ya mgao yalikuwa yanachemka tangu asubuhi, na bado magumu. Mkaa wote tuliobaki nao ulikuwa chini ya sufuria ile, na hapa kambini Dzaleka jirani hana wa kuazima.

"Papa, ukitoa makaa, haya hayataiva tena."

"Pasta anakuja kuchukua koti. Leo njo anaenda Lilongwe kueleza vile vita ilitufukuza Uvira. Mi ntamupa koti yenye mikunjo?"

Akayaokota moja moja kwa vidole vyake vya ushonaji, akayatia ndani ya pasi. Sufuria ikanyamaza. Watoto wakanitazama mimi, si yeye.

Siku zote huitoa pasi nje kwanza na kuizungusha hewani, majivu na cheche zitoke. Leo, kwa haraka, hakuitoa.

Cheche ikaruka, ikatua kwenye bega la koti. Tundu likafunguka, dogo kama haragwe, kingo zake zingali nyekundu.

"Hodi!" Pasta alikuwa mlangoni.

Étienne akalifunika tundu kwa kiganja. Niliona taya zake zikikazana, lakini mkono haukuinuka.

"Karibu, Pasta," nikasema. "Kaa kwanza. Maharage yanakaribia kuiva."