Mchungaji ni Nani?

Lori letu lilisimamishwa kwenye kizuizi nje ya mji wa Baraka. Askari akapanda nyuma.

"Muchungaji mwenye anafichaka batu ni nani? Ashuke!"

Mchungaji wa kanisa letu, ambaye kweli alificha watu, akaanza kuinuka. Wilondja akamkandamiza bega, akasimama yeye.

Wilondja alikuwa mfugaji. Juma lile wakubwa wapya wa askari hao walikuwa wamemteua mshauri wa eneo la Fizi, na barua ya kumpitisha vizuizini ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa.

"Muchungaji ni miye. Niko na ngombe makumi ine."

"Muzee, unanicheka?"

"Nusa mikono."

Askari akainusa. Ilinuka maziwa.

"Bon, sawa. Muchungaji ni muchungaji. Shuka, utuombee."

Wilondja hakuwahi kuomba mbele ya watu. Alishuka, akavua kofia, akasema, "Baba yetu," na lori likaondoka na mchungaji wetu ndani.