Mstari wa Ndani

Muuguzi Eun-sol aliweka nailoni angavu juu ya kidonda cha kisukari kwenye unyayo wa bibi mmoja, mgonjwa wake, akaufuatisha ukingo wake kwa kalamu, polepole, akitamani mkono wake uwe umekosea.

Kwa wiki kumi na mbili alikuwa akimdunga vinasaba vya kuotesha ngozi mpya. Kidonda kikipungua, sindano zingeendelea. Kisipopungua, mguu ungekatwa Jumatatu.

"Mlinidunga vinasaba vya mvivu gani, mjukuu wangu?" bibi alitania. "Vyangu vingeshamaliza kazi na kujaza kachumbari ya kimchi mitungini."

Eun-sol alipachika mchoro wa leo juu ya ule wa kwanza, akaiinua yote miwili dirishani. Mistari miwili ya wino uleule mweusi, mmoja ndani ya mwingine. Wa leo ulikuwa wa nje.

Kabla hajaishusha mikono, bibi alikuwa ameshaona.

"Kimepungua! Huo wa ndani ndio wa leo, siyo?" Alicheka huku machozi yakimtoka, akanyakua simu. "Mwanangu, viatu vyangu vya mpira usimpe mtu! Vyote viwili, unasikia? Huyu hapa muuguzi, mwulize mwenyewe."

Eun-sol akaipokea simu, ikiwa bado na joto la shavu la bibi.