Kikombe cha Zawena

"Hakuna mashine ya kunizidi ujanja!" Shekiondo alijigamba.

Siku hizi mzazi asiyeishi na mwanawe huitwa barazani apange matunzo kwa kinywa chake mwenyewe, kisha jiko lake la mashine humpikia naye kiasi hichohicho, na nyumba yenyewe humchunga asizidishe. Kwa ubahili wake, Shekiondo alimpangia bintiye Zawena kikombe kimoja cha uji kwa siku. Yeye, alijiambia, angekula kwa majirani.

Siku ya tano, tumbo likinguruma kama pikipiki mbovu, alijificha chooni na chapati ya kuombaomba. Kioo cha ukutani kikawaka. Humo Zawena alikuwa anamtazama, mashavu yamebonyea.

"Shikamoo, baba. Kumbe uji hautoshi?"

Mdomo umejaa, Shekiondo alikimbilia mlango. Kwa nje, kitasa kikajifunga chenyewe.