Shaba Mlangoni

Vijana watatu wenye marungu waliingia darasani bila hodi, Mwalimu Mbuyu akiwa katikati ya somo la utando wa seli.

Ubaoni alikuwa amechora mlango. Nje yake ilisimama shaba yenye alama mbili za kujumlisha.

"Hivi haiwezi kuingia," alikuwa ameshasema. "Enzyme ya pale mu mulango inabeba elektroni ya ndani, inaipa shaba. Kabanga, futa plus moja."

Kabanga, mtunza maabara, alifuta kwa kidole.

"Na enzyme yenyewe, mwalimu?" Stéphanie aliuliza. "Nayo inaingia?"

"Hapana. Yenyewe inabakia mu mulango."

Mwalimu alikuwa mrefu kama kalamu, Kabanga mfupi kama kifutio, na wanafunzi waliwaita Stylo na Gomme. Lakini mwaka ule, 1993, utani ulikuwa umeadimika. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga, hata waliozaliwa Kolwezi. Stesheni ilijaa familia na magodoro yao. Kabanga alikuwa amefanya kazi katika shule ile ya Dilala miaka kumi, na kila mtu alijua kwao ni wapi. Mwalimu alikuwa amehamia mwaka uliopita tu, kutoka Fungurume.

Stany, mkubwa wa vijana wale, alisoma karatasi yake.

"Kabanga. Ile ni jina ya mapasa ya Kasai. Kabanga anazaliwaka wa pili. Wa kwanza iko wapi?"

"Alisha kufa," Kabanga alijibu, macho sakafuni.

Stany alimgeukia mwalimu kwa heshima. "Tata mwalimu, weye uko Mbuyu, jina ya Baluba ya hapa Katanga, haiko ya Kasai. Ukisema huyu ni ndugu yako, ukituonyesha carte, tunamuacha."

Mkono wa mwalimu ulikwenda mfukoni, ukagusa kadi ya ubatizo, ukarudi mtupu.

"Hapana," alisema. "Haiko ndugu yangu."

Kabanga aliiweka chupa ya chumvi ya shaba mezani, akaikaza kifuniko kama kila siku.

"Hakuna neno, tata. Endelea na somo."

Akatoka nao.

Mwalimu hakuendelea. Aliwaonyesha wanafunzi mlango tu. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema. Siku hiyo hakukuwa na wa kucheka.

Darasa lilipobaki tupu aliitoa ile kadi, akaiinua kwenye nuru ya dirisha. Herufi ya mwisho ya jina lake ilikuwa ya wino mpya, mwandiko wa Kabanga, pale Kabanga alipoikwangua ya zamani kwa wembe. Chini ya u, i ilikuwa ingali inaonekana: Mbuyi, pacha wa kwanza.